RAMANI YA NDANI YA GARI: TUIBADILI VIPI?

Siku hizi magari mengi yana kioo kidogo karibu na usukani. Kioo hicho huonyesha ramani ya barabara. Tena husema. Humwambia dereva, "Pinda kushoto," au "Endelea mbele." Wengi wetu tunadhani ramani hiyo inatoka juu, kwenye setilaiti. Sivyo. Hebu tulitazame jambo hili, maana watu wengi hupoteza fedha hapo.

Setilaiti ni chombo kilichorushwa juu sana, nacho kinaizunguka dunia. Setilaiti za Marekani za kazi hii ziko juu kiasi cha kilomita 20,000. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Kila setilaiti hutangaza mambo mawili makubwa: sasa ni saa ngapi, na yenyewe iko wapi. Chombo cha gari kikizisikia setilaiti 4 au zaidi, hupiga hesabu, kikajua gari liko mahali gani. Basi, kazi ya setilaiti imekwisha. Haijui barabara, haijui daraja, wala haijui kijiji chako. Barabara zimo katika ramani iliyowekwa ndani ya gari lenyewe. Na ramani hiyo huzeeka.

Tuchukue mfano wa Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza. Kwa miaka mingi watu walivuka maji hapo kwa kivuko. Mwezi Juni 2025 likafunguliwa daraja la urefu wa kilomita 3 hivi. Ramani ya mwaka 2020 hailijui daraja hilo. Tuseme dereva mgeni anatoka Sengerema usiku. Amembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, anampeleka hospitali ya Bugando. Kioo kinamwonyesha kivuko. Mwenyeji atacheka tu, maana daraja analijua. Mgeni hatacheka.

Sasa tuje kwenye kubadili. Ndani ya chombo mna vitu viwili: programu na ramani. Programu ndiyo akili ya chombo, ramani ndiyo kitabu chake. Vyote viwili huhitaji kufanywa vipya. Januari 2022 saa za baadhi ya magari ya Honda zilirudi nyuma miaka 20, zikaonyesha mwaka 2002. Setilaiti hazikukosea. Hesabu ya tarehe ndani ya chombo ndiyo iliyoharibika.

Kabla ya kutoa hata senti moja, jiulize: gari hili lilitengenezwa liuzwe nchi gani? Magari mengi ya mtumba tunayonunua yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani. Chombo chake husema Kijapani, na ramani yake ni ya Japani tu. Kuibadili ukapata ramani mpya ya Japani kutakusaidia nini Singida? Wako watu mjini watakuambia, "Lete hela, nitakuwekea ramani ya Tanzania." Mwambie kwanza akuonyeshe gari la aina hiyohiyo alilokwisha kuliwekea, likiwa barabarani linafanya kazi. Mara nyingi njia iliyopo ni kutoa redio yote na kuweka nyingine. Hiyo ni bei nyingine kabisa.

Tena angalia kile kikadi kidogo cha ramani. Usikichomoe ovyo, wala usiwaachie watoto. Katika baadhi ya Toyota za Japani, kadi ikitoka chombo chote hugoma. Hata redio haisemi. Kinadai kadi yake tu, na nakala ya kawaida hakiitaki.

Kama gari lako ni la namna hiyo, simu ya kioo inatosha. Iko ramani inayoitwa OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004. Huchorwa na wananchi wenyewe, nayo huwekwa katika simu kwa programu ya bure. Ukiishaipakua ukiwa na mtandao, utaitumia hata porini pasipo mtandao. Kama njia ya kijiji chenu haimo, mtu wa kijijini anaweza kuiongeza.

Lakini kama gari lilitengenezwa kwa nchi zetu, kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe, au na kijana anayejua kompyuta. Fungua kioo, tafuta mahali pa mipangilio, uandike toleo la programu na mwaka wa ramani. Andika pia namba ya chasisi. Kwa habari hizo utatafuta ramani kwa mtengenezaji wa gari mwenyewe. Wengine huitoa bure kwa miaka ya mwanzo, kisha huiuza. Ulizeni bei mapema. Ramani huwekwa katika flashi au kadi, kama kitabu cha gari kinavyosema. Faili zake ni kubwa sana, kwa hiyo ni afadhali kuipakua mjini penye mtandao mzuri.

Hapa sasa pana hatari. Kazi ya kuingiza huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Umeme ukikatika katikati, chombo huweza kufa kabisa. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari husema injini iwe inanguruma. Vema, lakini liwe nje, penye upepo! Usiliache likinguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kama mvua inanyesha. Moshi wa gari una hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haionekani, nayo huua mtu aliyekaa kimya akitazama kioo.

Usiichomoe flashi mpaka kioo kiseme kazi imekwisha. Kisha zima gari, liwashe tena, ulinganishe toleo jipya na lile uliloandika. Halafu tafuta katika ramani barabara mpya unayoijua wewe mwenyewe. Kama haimo, mrudie aliyekuuzia.