Dondoo muhimu: Haidrojeni kidogo ndani ya nitrojeni kwa kusaka uvujaji

Fundi anayesaka tundu kwenye bomba la maji lililofukiwa, au kwenye mabomba ya jokofu yaliyokwisha kutolewa gesi yake, afikirie mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na nitrojeni asilimia 95 kabla ya kununua heliamu. Molekuli ya haidrojeni ni nyepesi kuliko zote. Hupenya udongo, hata lami na zege, ikapanda hadi kwenye kihisi kilichoshikwa juu ya tundu. Hewa ya kawaida ina takriban sehemu 0.5 tu ya haidrojeni katika kila milioni, ilhali ya heliamu ni karibu sehemu 5, kwa hiyo hata uvujaji mdogo hujitokeza upesi. Tena heliamu huchimbwa ardhini na akiba yake haijazwi upya, ilhali haidrojeni hutengenezwa.

Wengi watauliza: je, haidrojeni haishiki moto ikifika asilimia 4 hewani? Hushika, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini mchanganyiko huu hauna oksijeni ndani yake. Kadiri unavyochanganyika na hewa yenye oksijeni, ndivyo haidrojeni inavyopungua hadi chini ya kiwango cha kuwaka. Usalama huo unategemea asilimia kuwa sahihi, hivyo nunua mtungi uliochanganywa kiwandani, soma lebo, na kamwe usichanganye mwenyewe. Mimi naiogopa zaidi nitrojeni: haina harufu, na ndani ya shimo au chumba kilichofungwa huisukuma oksijeni nje, mtu akazimia bila onyo. Pitisha hewa ya kutosha, na usishuke shimoni kabla ya kupima oksijeni.