Nina Pensheni, Nina Ulemavu, Natafuta Kazi: Mafunzo Saba Niliyopata Uingereza

Nilikuwa mpishi katika jiko la hospitali mjini Leicester mpaka baridi yabisi iliponishika viganja vya mikono. Daktari wa kazini aliandika kwamba kazi ile siiwezi tena, nikastaafishwa kwa sababu za afya kabla ya umri wa kustaafu, na mfuko wa pensheni wa kazini ukaanza kunilipa pauni 390 kwa mwezi. Fedha hizo hazitoshi hata kodi ya nyumba. Nilitaka kazi nyingine, ya mapokezi au ya kupokea simu, na wakati naitafuta nilihitaji msaada wa kuishi. Karibu kila niliyemuuliza alinijibu hivi: "Dada, ukishakuwa na pensheni, posho ya serikali isahau." Si kweli. Wengi wetu tunajinyima haki zetu sebuleni kabla ofisi yoyote haijatunyima, na ndiyo sababu naandika haya.

1. Kustaafishwa kwa ugonjwa hakumaanishi huwezi kazi yoyote

Mikono yangu haiwezi kunyanyua sufuria la hospitali, lakini kichwa changu kinafanya kazi na simu naweza kuipokea. Mtu wa namna hiyo, anayeweza kazi fulani na anayeitafuta, njia yake ni JSA, posho ya anayetafuta kazi. Yule ambaye ugonjwa au ulemavu umempunguzia sana uwezo wa kufanya kazi, njia yake ni ESA, ambayo huambatana na cheti cha daktari na baadaye tathmini ya uwezo wa kazi. Huwezi kulipwa zote mbili kwa wakati mmoja. Chagua kwa kuuangalia mwili wako kwa ukweli, na ukiwa na shaka zungumza kwanza na daktari wako.

2. Pensheni hupunguza posho, na kila posho ina hesabu yake

Kwanza igeuze pensheni yako iwe ya wiki: zidisha ya mwezi kwa 12, kisha gawa kwa 52. Pauni 390 kwa mwezi ni pauni 90 kwa wiki. Katika JSA, pauni 50 za kwanza haziguswi. Kila pauni inayozidi hapo hukatwa yote. Katika mwaka wa fedha 2025/26, JSA ya mtu wa miaka 25 au zaidi ilikuwa pauni 92.05 kwa wiki. Ukiondoa zile 40 zinazozidi, zinabaki pauni 52.05. Katika ESA mpaka ni pauni 85, na inakatwa nusu tu ya kinachozidi. Kwa pensheni hiyohiyo ya pauni 90, ESA inapungua kwa pauni 2.50 basi. Universal Credit, posho ya serikali ya wenye kipato kidogo, ni kali zaidi: pensheni yote inakatwa, pauni kwa pauni. Itaje pensheni yako tangu siku ya kwanza, na ikipanda toa taarifa, ili usije ukadaiwa baadaye.

3. Michango uliyokatwa kwenye mshahara ni yako

JSA na ESA za sasa zinatokana na michango ya Bima ya Taifa, ile inayoonekana kwenye kila hati ya mshahara. Ndiyo maana akiba yako ya benki haiulizwi, wala mshahara wa mumeo au mkeo. Universal Credit, kinyume chake, inaangalia kipato cha nyumba nzima, na wenye akiba inayozidi pauni 16,000 kwa kawaida hawaipati.

Kwa ndugu zetu wenye viza inayowazuia kupokea fedha za umma, jambo hili ni zito. JSA na ESA za michango hazimo katika orodha ya fedha hizo, ila kwa JSA lazima uwe na kibali cha kufanya kazi. Universal Credit na PIP (nitaieleza hapa chini) zimo. Kabla ya kujaza fomu yoyote, soma masharti ya viza yako pamoja na mshauri wa uhamiaji aliyeidhinishwa.

4. Ombi lako usikae nalo

Michango inayopimwa kwa kawaida ni ya miaka 2 ya kodi iliyokamilika kabla ya mwaka unaoombea, na kila Januari kipimo hicho kinasogea mbele. Anayesubiri "hali itulie" kwa mwaka mmoja au miwili anaweza kukuta ile miaka aliyoitolea jasho haihesabiwi tena. JSA nayo hulipwa kwa siku 182 tu, yaani miezi sita, kwa hiyo muda huo utumie kutafuta kazi kwa bidii.

5. Omba hata hesabu ikitoa sifuri

Mwenye pensheni kubwa anaweza kupata JSA ya senti chache au asipate kitu. Hata hivyo kuna faida. Ukiwa huna kazi, unaitafuta na unatimiza masharti, unaweza kuandikiwa michango ya Bima ya Taifa bila kulipa chochote. Pensheni kamili ya serikali inahitaji kwa kawaida miaka 35 ya michango, na chini ya miaka 10 hupati kitu. Sisi tuliofika nchi hii tukiwa watu wazima hatuna miaka ya kupoteza.

6. Ulemavu wako ueleze kwa matendo

PIP ni malipo ya gharama za ulemavu, na Scotland ina malipo yake ya aina hiyo. Haipunguzwi na pensheni wala na mshahara. Wanachotaka kujua ni unavyoishi: unapikaje, unaogaje, unavaaje, unatembeaje. Swali la kweli ni kama tendo unaliweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika, na bila kuchukua muda kupita kiasi. Sisi tumelelewa kusema "namshukuru Mungu, sijambo" hata tukiwa na maumivu. Kwenye fomu hii adabu hiyo inakunyima haki. Mimi niliandika kwamba sufuria tupu nalishika, lenye maji ya ugali linaniponyoka; kwamba nasonga kwa mwiko mara tatu nne kisha vidole vinakufa ganzi; na kwamba nikipika mchana, jioni siwezi kufunga vifungo vya blauzi. Huo ndio ushahidi.

7. Masharti yanajadiliwa, na uamuzi unapingwa

Jobcentre, ofisi ya serikali ya wanaotafuta kazi, hukuandikia makubaliano ya utakachofanya kila wiki kutafuta kazi. Sheria inaruhusu saa na aina ya kazi zipunguzwe kulingana na ulemavu wako, na Sheria ya Usawa ya 2010 inawataka wakufanyie marekebisho yanayofaa: miadi kwa simu, muda mrefu zaidi, mkalimani. Mimi niliomba iandikwe kwamba sitafuti kazi za kunyanyua vitu wala za kuandika kwa mkono mfululizo, na ikaandikwa. Ukiletewa uamuzi usiokubaliana nao, una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uangaliwe upya. Wakishikilia uamuzi wao, unakwenda kwenye baraza huru la rufaa, na hulipi ada. Kila barua itunze pamoja na bahasha yake.

Ofisi za Citizens Advice husaidia bure, na vyama vingi vya wafanyakazi pia. Najua baadhi yetu tunaona haya, tunahisi kama tunaombaomba. Tuliamka alfajiri kwenye baridi, tukakatwa michango kila mwezi, na miili yetu imebeba gharama ya kazi hiyo. Tunachodai tulikwisha kukichangia. Ukimjua mtu aliyekaa nyumbani akiamini pensheni imemfungia mlango, mpigie leo, mfanye hesabu ya wiki pamoja, na aombe kabla Januari haijafika.