TUHAME AU TUSIHAME? TUULIZE KWANZA HABARI ZA AFYA



Leo tutajifunza juu ya kuhama. Watu huhama kwa sababu nyingi. Wengine wanatafuta ardhi. Wengine wanafuata ndugu. Wengine wamechoka na shamba dogo lisilotosha kulisha watoto. Kuhama si kosa. Lakini kuhama na watoto wadogo kwenda mahali usipopajua ni jambo la kufikiriwa vizuri. Nyumba ikibomoka hujengwa tena. Mtoto akipotea harudi.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, huku kwenye milima ya Usambara. Mwaka jana, siku ya kliniki ya watoto, alikuja kijana mmoja pamoja na mkewe. Mama huyo alikuwa na mimba ya miezi sita. Mgongoni alibeba mtoto wa kiume wa miaka miwili.

Yule kijana hakuwa mgonjwa. Alisema, "Daktari, kaka yangu yuko bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Analima mpunga. Ameniita. Anasema nitapata eka tano. Huku nina robo eka ya mteremko, na mvua imekwisha kuchukua udongo. Nataka tuondoke mwezi ujao, kabla mvua za masika hazijaanza. Mwenzangu hataki. Basi nimekuja unisaidie kumwambia."

Nilimtazama yule mama. Aliinama, akanyamaza.

Sikumwambia yule kijana, "Nenda." Wala sikumwambia, "Usiende." Kazi ya kuamua ni yao wawili. Nilileta benchi, nikawaomba wakae wote, kisha tukaanza kuulizana maswali. Maswali hayo ndiyo somo letu la leo.

SWALI LA KWANZA: Huko kuna ugonjwa gani ambao huku haupo, au ni mdogo?

Huku milimani kuna baridi. Vijidudu vya malaria havikui vizuri ndani ya mbu mahali penye baridi. Kwa hiyo malaria kwetu ni kidogo kuliko bondeni. Bonde la Kilombero liko chini, na sehemu kubwa haifiki mita 300 kutoka usawa wa bahari. Kuna joto. Kuna mto mkubwa na mashamba ya mpunga yenye maji. Mbu wa malaria hupenda mahali kama hapo.

Mtu mzima aliyekulia bondeni ameumwa na mbu tangu utotoni. Mwili wake umejifunza kupambana na malaria kwa kiasi. Huugua, lakini mara nyingi hazidiwi upesi. Mtu aliyetoka milimani mwili wake haujajifunza. Malaria ikimpata inaweza kumlaza kwa siku chache tu. Watu wawili wako katika hatari zaidi. Wa kwanza ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Wa pili ni mama mwenye mimba. Malaria humpunguzia mama damu. Huweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo.

Nilipofika hapo niliwaeleza jambo ambalo silisemi mara nyingi. Nilipokuwa na umri wa miaka minane, baba yangu alituhamisha kutoka milimani kwenda bondeni. Tulifika wakati wa masika. Nyumba ilikuwa haijamalizika, tukalala kwenye kibanda cha shambani. Chandarua hatukuwa nacho. Wiki ya tatu mdogo wangu, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na homa. Majirani walisema ni uchovu wa safari. Tukangoja siku mbili. Siku ya tatu akapata degedege. Baba alimbeba usiku kucha kwenda zahanati, na maji yalikuwa yamefunika njia. Alipofika kulikuwa kumekucha, na mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Baba yangu hakuwa mvivu wala mjinga. Alitaka tule tushibe. Lakini aliuliza habari za mpunga tu. Hakuuliza habari za mbu, wala habari za njia.

SWALI LA PILI: Zahanati iko wapi, na je, njia inapitika mwaka mzima?

Usiridhike na jibu la kusema, "Zahanati ipo." Uliza: ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu? Kuna mto wa kuvuka? Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, njia inapitika? Ina mhudumu usiku? Mama wanajifungulia hapo, au hupelekwa mbali zaidi?

Nilipouliza maswali haya, yule kijana alisema, "Kaka hakuandika habari hizo." Ndipo mkewe akasema neno lake la kwanza. "Shemeji ameandika habari za eka tano. Mimi nauliza hivi: uchungu ukinishika usiku na maji yamejaa, nani atanibeba? Huku yupo mama yangu, na wapo majirani. Huko namjua nani?"

Mume hakujibu. Nadhani siku ile ndipo alipoelewa kwamba mkewe hakuwa mkaidi. Alikuwa na swali ambalo halijajibiwa.

SWALI LA TATU: Maji yanatoka wapi?

Tufanye hesabu. Mtu mmoja anahitaji kama lita 25 za maji kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Watu wanne wanahitaji lita 100. Ndoo yetu ya kawaida huchukua lita 20. Kwa hiyo ni ndoo tano kila siku. Kama kwenda kisimani na kurudi ni saa moja, mama atatumia saa tano kwa siku kuchota maji tu. Je, atalima saa ngapi? Atanyonyesha saa ngapi? Atapumzika saa ngapi?

Tena uliza kama kisima hukauka wakati wa kiangazi. Uliza kama choo kiko mbali na kisima, angalau mita 30. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipohimizwa kuchimba vyoo. Somo hilo halijazeeka. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Kwenye mabwawa na mifereji ya mashamba kunaweza kuwa na kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Usiruhusu watoto kuoga au kucheza katika maji hayo.

SWALI LA NNE: Tutakula nini kabla ya kuvuna?

Mpunga hauivi kwa mwezi mmoja. Tangu kupanda mpaka kuvuna ni kama miezi minne hadi sita. Katika miezi hiyo familia itakula nini? Mtoto wa miaka miwili akikosa chakula cha kutosha hudhoofika, na ugonjwa mdogo humwangusha. Wali peke yake hautoshi. Anahitaji pia maharage, mboga za majani, matunda, samaki au mayai. Kabla ya kuondoka pimeni chakula na fedha mlizo nazo. Kama havifiki miezi sita, ngojeni.

SWALI LA TANO: Ardhi hiyo ni ya nani?

Huenda utasema swali hili si la mganga. Lakini nimeona watoto wakidhoofu kwa sababu baba yao alinyang'anywa shamba kabla ya kuvuna. Ardhi ya kijiji hugawiwa na Halmashauri ya Kijiji, kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Neno la kaka pekee halitoshi. Chukua barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chako. Ukifika, nenda ofisi ya kijiji ujulikane.

WALIFANYA NINI?

Wale wawili walirudi nyumbani wakazungumza. Baada ya siku nne mume alirudi peke yake. Alisema, "Tumeamua. Nitakwenda mimi kwanza nikaone. Yeye atabaki kwa mama yake mpaka ajifungue."

Alikwenda. Alikaa huko siku kumi na mbili, akalala chini ya chandarua nilichomhimiza achukue. Aliporudi alikuwa na habari ambazo kaka yake hakuziandika. Zile eka tano zipo, lakini ziko ng'ambo ya mto mdogo ambao hufurika wakati wa masika. Kisima cha huko hukauka mwezi wa Oktoba. Hata hivyo, katika kitongoji kingine cha kijiji hicho hicho, mwendo wa nusu saa kutoka zahanati, uongozi wa kijiji uliweza kumpa eka mbili.

Kaka yake alikasirika. Alisema, "Mtu anaachaje eka tano akachukua mbili?" Kijana alimjibu, "Kaka, nakuheshimu. Lakini eka tano hazitambeba mwanangu usiku."

Mama alijifungua salama huku milimani, mtoto wa kike. Walingoja mtoto apate chanjo za wiki 6, 10 na 14. Walihama baada ya masika kwisha, wakati njia ni kavu. Mwezi wa pili baada ya kufika, yule mtoto mkubwa alipata homa. Mama hakungoja. Alimpeleka zahanati siku ile ile. Akapimwa damu, akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto ya siku tatu. Leo ni mzima. Habari hizo nilizipata kwa simu ya baba yake, na siku hiyo nilimkumbuka sana mdogo wangu.

Je, walifanya vema kuhama? Mimi siwezi kusema. Bado wana eka mbili tu, na mama anamkumbuka mama yake. Lakini waliamua wakijua wanakokwenda.

MKIAMUA KUHAMA, FANYENI HAYA

1. Chukueni kadi ya kliniki ya kila mtoto na kadi ya mama. Zifungeni ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe. Bila kadi, mhudumu wa huko hatajua chanjo gani zimetolewa.

2. Msikatishe chanjo. Mtoto huchanjwa akizaliwa, kisha wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Kama tarehe imepita, mpelekeni hivyo hivyo.

3. Mwenye kutumia dawa za kila siku, kama za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi au za kifafa, apate barua ya uhamisho kabla ya kuondoka. Dawa zisikatike hata siku moja.

4. Nunueni vyandarua vyenye dawa kabla ya kununua kitu kingine. Laleni ndani yake tangu usiku wa kwanza, hata mkiwa kwenye kibanda cha shambani.

5. Mama mwenye mimba aende kliniki mapema. Huko atapewa dawa za kuzuia malaria kwa tarehe atakazopangiwa.

6. Wiki ya kwanza, nendeni zahanati mkiwa wazima. Jueni njia. Jueni mhudumu anaitwa nani.

7. Homa yoyote ni ya kupimwa siku hiyo hiyo. Malaria huonekana mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Usiseme, "Ni uchovu wa safari."

8. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea asiamke, apelekwe zahanati papo hapo, hata kama ni usiku.

9. Ukirudi milimani kusalimia na ukapata homa, mwambie mhudumu kwamba umetoka bondeni.

NENO LA MWISHO

Wazee wanasema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako uliochakaa, na msala upitao ni mkeka mzuri wa mwingine unaopitishwa mbele yako. Methali hii haikatazi kupata mkeka mpya. Inakuonya usiutupe wa zamani kabla hujaukalia ule mpya.

Baba, msikilize mama wa watoto wako. Mara nyingi anayekataa kuhama ndiye atakayechota maji, atakayejifungua, na atakayekesha na mtoto mwenye homa. Mama, usinyamaze. Sema hofu yako, ili itafutiwe jibu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini malaria ni hatari zaidi kwa mtu aliyetoka milimani?

2. Familia yenu ina watu wangapi? Mnahitaji ndoo ngapi za maji kwa siku? Mnatumia saa ngapi kuchota?

3. Yule kijana aliacha eka tano akachukua mbili. Je, wewe ungefanya nini? Toa sababu.

4. Kama mgeni angehamia kijijini kwetu leo, ni mambo gani ya afya tungemweleza siku ya kwanza?