Mafunzo Niliyopata Nikikisikiliza Kijapani

Vijana wa Diani wanaotaka kazi ya utalii huanza na Kijerumani au Kiitaliano. Mimi nilichukua Kijapani. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakija Kwale tangu miaka ya 1980, walipochunguza kichocho pamoja na taasisi ya utafiti ya KEMRI, na wengine nimewatembeza Wasini, Gazi na Kaya Kinondo. Nakuandikia wewe uliyemaliza kitabu cha kwanza. Unajua kujitambulisha na kuuliza bei, lakini Mjapani akianza kuzungumza unashika neno hapa, neno pale. Wengi huachia hapo, nami nisingependa uwe mmoja wao.

1. Sikio lisubiri mwishoni

Gari nililoendesha lilikuwa Noah iliyotoka Japani. Kila nilipoliwasha, sauti ya mwanamke ilisema: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Madereva wengi wa Ukunda wanaijua sauti hiyo, maana magari yetu yameletwa yakiwa yametumika kule, na kifaa cha kulipia barabara zao hakikung'olewa. Nilikuwa nashika "kaado", nikajua ni habari ya kadi, basi. Siku moja, nikisubiri wageni, nilizima na kuwasha mpaka nikaipata silabi ya mwisho: -sen. Kadi haijaingizwa. Nilishangaa kwamba jambo lenyewe lilikuwa limekaa mkiani siku zote.

Sisi wenye Kiswahili tumezoea kuchukua habari mwanzoni mwa kitenzi. Mtu akitamka "ha-", umeshajua anakana. Akisema "wali-", umeshajua ni nani na lini. Kijapani huyaweka hayo nyuma. Ikimasu, anaenda. Ikimasen, haendi. Ikimashita, alienda. Ikimasen deshita, hakuenda. Anayetenda naye mara nyingi hatajwi. Unamjua kwa mazungumzo yalivyokwenda. Basi sikio letu hutafuta mwanzoni, halipati kitu, linang'ang'ania neno la kwanza kulitafsiri, na wakati huohuo mwisho wa sentensi umepita.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni hili: sikiliza sentensi fupi, usiandike maana yake, andika mkia wake tu. Amekubali au amekana? Limepita au bado? Anaomba au anasimulia? Fanya hivyo mpaka mkia ukujie wenyewe. Maneno ya katikati utayasikia vizuri zaidi ukishaacha kuyakimbilia.

2. Urefu wa sauti ni sehemu ya neno

Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Hilo hutupa moyo, lakini pia hutuficha jambo. Sisi huivuta kidogo silabi ya pili kutoka mwisho kwa sababu ya mkazo, kwa hiyo tukisikia sauti imevutwa tunaichukulia kuwa lafudhi tu. Kwao mvuto hubadili neno. Obasan ni shangazi, obaasan ni nyanya. Biru ni jengo, biiru ni bia. Mhudumu mmoja niliyekuwa namfundisha aliombwa bia, akamwonyesha mgeni jengo la mapokezi kwa heshima zote.

Gonga kidole pajani kwa kila pigo la sauti: o-ba-a-sa-n, matano, ni-p-po-n, manne. Tena ujue kuna irabu zinazomezwa: desu husikika "des". Ukiisubiri ile u, utachelewa.

3. Wageni wakizungumza wenyewe

Wageni wakisema nami, walitamka taratibu, kila kitenzi na -masu yake. Wakigeukiana kwenye viti vya nyuma, lugha ilinipotea kabisa. Nikadhani ni msamiati nisioujua. Mtafiti mmoja aliniandikia kwenye karatasi yale waliyokuwa wakisema, nami nikaona vitenzi vilevile vya kitabuni, vimefupishwa. Itte iru imekuwa itteru. Tabete shimatta imekuwa tabechatta. Ikanakereba imekuwa ikanakya. Sehemu kubwa ya unachokosa kusikia tayari unakijua kwa umbo lake refu. Jifunze maumbo hayo mafupi mapema, hata kama mwalimu anasema bado.

Na uitikie. Wapwani tuna "ehe" na "naam" zetu, kwa hiyo "hai", "ee" na "un" zao hazitusumbui. Ukinyamaza, Mjapani atadhani umepotea, atahamia Kiingereza, nawe zoezi limekwisha. Ila "hai" katikati ya maelezo yako ni kukujulisha kwamba anakusikia. Usiichukue kuwa amekubali bei ya mashua.

4. Kidogo, kwa kurudia

NHK, shirika la utangazaji la Japani, wanatangaza kwa Kiswahili tangu 1964, na waliandaa masomo 48 ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili, yanayomfuata Anna, mwanafunzi kutoka Thailand. Ukiyapata, chukua mazungumzo ya somo moja. Sikiliza bila maandishi mara kadhaa, kisha soma, kisha sikiliza tena ukiifuata sauti kwa kinywa chako, nyuma yake kidogo tu. Safari ya matatu kutoka Msambweni hadi Likoni inakutosha. Katuni za saa nzima zinaburudisha, lakini ukielewa neno moja katika kumi, sikio linajizoeza kuyapuuza yale tisa.

5. Mtihani hausubiri

JLPT, mtihani wa kupima Kijapani, hufanyika Nairobi mwezi wa Desemba. Katika ngazi ya N4, na vilevile N3, kusikiliza kuna alama 60 kati ya 180, na ukipata chini ya 19 katika sehemu hiyo umeanguka, hata kama kwingine umefanya vizuri sana. Sauti hupigwa mara moja tu. Kwa hiyo wiki za mwisho usisimamishe wala kurudisha nyuma unapofanya mazoezi. Swali likikuponyoka, weka jibu na uhamie linalofuata. Na usitoke Ukunda usiku ule wa kuamkia mtihani. Nenda siku moja kabla, ulale.