ILANI KWA WAFUGAJI: KUWALISHA LUSINA WANAKONDOO NA WANAMBUZI WAKATI WA KIANGAZI

Wafugaji wa Unguja na Pemba wanajuulishwa kuwa majani ya mlusina ni chakula chema kwa wanakondoo na wanambuzi walioachishwa ziwa, lakini si chakula cha kulishwa peke yake.

Asili ya mlusina ni Mexico na Amerika ya Kati. Mizizi yake huzama chini sana, kwa hiyo hubaki na majani mabichi hata nyasi zinapokauka baina ya Januari na Machi. Aidha, hustahamili ardhi yenye chokaa, jambo linaloufaa uwanda wa mawe wa mashariki ya Unguja. Majani yakikaushwa, kiasi cha robo ya uzito wake huwa ni protini, ilhali nyasi kavu za kiangazi mara nyingi hazifiki hata asilimia 7. Mnyama anayekua akikosa protini hudumaa, ijapokuwa tumbo limejaa.

Hata hivyo, ndani ya majani hayo, khasa machipukizi, mna sumu iitwayo mimosini. Mnyama akilishwa lusina tupu kwa wiki kadhaa hunyonyoka manyoya, hutokwa na udenda, huacha kula na pengine huvimba tezi ya shingo. Wako wanaodhani ni kijicho cha jirani. Ni vyema kwanza kulitazama hori.

Ni kweli kuwa mbuzi wa Hawaii hula lusina bila ya kudhurika. Katika miaka ya 1980 mtafiti Raymond Jones wa Australia alithibitisha kuwa matumboni mwao mna vijidudu vinavyoivunja sumu hiyo, na vijidudu hivyo vilipohamishiwa wanyama wa Australia viliwakinga vile vile. Mfugaji asiyejua kama mifugo yake inavyo asitegemee bahati, apime.

Kipimo ni hiki: lusina isizidi thuluthi ya chakula cha siku. Mwanakondoo wa kilo 12 hula kiasi cha gramu 400 za chakula kikavu. Thuluthi yake ni gramu 130 hivi, yaani chini ya nusu kilo ya majani mabichi. Sehemu iliyobaki iwe nyasi. Aanzishwe kwa konzi moja, azidishiwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Majani yaanikwe kabla ya kulishwa, kwani jua hupunguza sumu ingawa haliimalizi, na yafungwe matita yaning'inizwe juu yasikanyagwe. Maji safi yawepo wakati wote.

Punda asipewe kabisa. Tumbo lake si la kucheua, na manyoya ya shingo na mkia humtoka upesi.

Mnyama aliyekwisha kuanza kunyonyoka asimamishiwe lusina siku hiyo hiyo, arejeshwe kwenye nyasi, na Ofisa wa Mifugo wa Wilaya aarifiwe.