Kupakia na Kupakua Mashine Nzito za Ujenzi

Watu wengi hulitazama tingatinga linapokata kilima au kusukuma kifusi. Ni wachache wanaoizingatia safari iliyolifikisha hapo. Hata hivyo, sehemu ya hatari sana katika safari hiyo mara nyingi si mamia ya kilometa za barabara, bali ni zile mita chache zilizo kati ya ardhi na jukwaa la tela. Katika mita hizo mashine yenye uzito wa tani nyingi huinuliwa, huinama, huvuka ukingo na kulala tena. Mwendeshaji hodari huzivuka kwa uzoefu. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuzieleza kwa kanuni tatu anazofundishwa darasani: mteremko, msuguano na kitovu cha uzito. Makala haya yanaonyesha jinsi kanuni hizo zinavyolinda maisha ya watu kazini.

Kwa nini mashine hubebwa

Tingatinga hutembea juu ya mikanda ya chuma. Mikanda hiyo hutandaza uzito juu ya eneo kubwa, na kwa hiyo mashine haizami katika udongo laini. Katika lami, sifa hiyo hugeuka kuwa kasoro: meno ya mikanda huichimbua barabara, na mikanda yenyewe hulika upesi. Aidha, mwendo wa tingatinga ni mdogo, kiasi cha kilometa 10 kwa saa. Kutoka Morogoro hadi Dodoma, umbali wa kilometa zipatazo 260, lingehitaji zaidi ya siku nzima ya mwendo usiokatika. Ndiyo sababu mashine hubebwa kwa tela lenye jukwaa la chini, ambalo madereva huliita lobedi.

Katika mifano ifuatayo, tingatinga lichukuliwe kuwa na tungamo la tani 18. Kila kilo ikivutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 10, uzito wa tingatinga ni nyutoni 180,000. Jukwaa la tela liwe mita 0.9 juu ya ardhi.

Mteremko hupunguza kani, haupunguzi kazi

Nyuma ya tela huteremshwa bamba mbili nene za chuma, ambazo katika makala haya zitaitwa vipandio. Kila kipandio kiwe na urefu wa mita 3.6. Uwiano wa kimo kwa urefu wa mteremko ni 0.9 kwa 3.6, yaani robo moja. Pembe yake ni kama digrii 14.5. Kwa hiyo kani inayohitajika kulisukuma tingatinga kufuata mteremko, bila kuhesabu ukinzani mwingine, ni robo ya uzito wake:

180,000 × 0.25 = nyutoni 45,000.

Vipandio vikirefushwa hadi mita 7.2, kani hiyo hupungua na kuwa nyutoni 22,500. Lakini kazi inayofanyika haibadiliki. Katika hali zote mbili ni jouli 162,000, kwa kuwa kimo ni kilekile. Mteremko mrefu hubadilisha kani kubwa ya safari fupi kuwa kani ndogo ya safari ndefu.

Vipandio virefu ni vizito na si rahisi kuvibeba. Mafundi wenye busara hupata faida ileile kwa njia nyingine: huirudisha nyuma ya tela hadi kwenye tuta imara la udongo, ili kimo cha kupanda kipungue. Ardhi ya mahali hapo sharti iwe ngumu na tambarare, kwani tela likilala upande, mashine huweza kuteleza kuelekea upande huo.

Msuguano ndio unaopandisha

Ni kosa kudhani kwamba injini yenye nguvu inatosha. Injini huzungusha mikanda tu; kinacholisukuma tingatinga kwenda juu ni msuguano kati ya mikanda na kipandio. Msuguano ukishindwa, mikanda huzunguka bure na mashine huteleza kurudi chini.

Katika mteremko wa digrii 14.5, kani inayokandamiza kipandio kwa pembemraba ni kama nyutoni 174,300. Chuma juu ya chuma huwa na kizigeu cha msuguano cha kati ya 0.1 na 0.2, kutegemea hali ya nyuso zake. Hata kikichukuliwa kizigeu cha 0.2, msuguano mkubwa unaoweza kupatikana ni:

174,300 × 0.2 = nyutoni 34,860.

Kani inayohitajika ni nyutoni 45,000. Kuna upungufu wa nyutoni zaidi ya 10,000, na hakuna injini inayoweza kuufidia. Kama kuna matope, mvua au mafuta, upungufu huzidi. Lakini vipandio vikitandikwa mbao ngumu zilizofungwa barabara, kizigeu huweza kufika 0.4, na msuguano hupanda hadi nyutoni 69,700. Mbao hizo si pambo wala si kinga ya rangi ya tela. Bila hizo tingatinga halipandi kwa usalama. Kwa sababu hiyohiyo mikanda hukwanguliwa udongo na vipandio hufagiliwa kabla ya kazi kuanza.

Mashine ya kushindilia yenye gurudumu laini la chuma inahitaji uangalifu zaidi, kwani gurudumu hilo halina meno ya kung'ata mbao.

Ukingo wa jukwaa

Mwendeshaji akishapanda kipandio, anakutana na jambo gumu kuliko yote. Mikanda ya tingatinga ni minyofu; haiwezi kupinda ili kuufuata mkunjo ulio kati ya kipandio na jukwaa. Kwa hiyo ncha ya mbele huendelea kupanda hewani, huku mashine ikiegemea ukingo. Wakati mstari wa wima upitao katika kitovu cha uzito ungali nyuma ya ukingo, mashine hubaki imeinama. Mara mstari huo unapouvuka ukingo, mashine yote hupinduka kwenda mbele na kulala juu ya jukwaa.

Mikanda ikiwa na urefu wa mita 2.4 hivi, wakati huo ncha ya mbele huwa sentimita 25 hadi 30 juu ya jukwaa. Ikiachwa ianguke kwa kishindo, sakafu ya tela huweza kuvunjika, mwendeshaji huweza kurushwa kutoka kitini, na mashine huweza kugeuka upande. Vipandio vikiwa virefu maradufu, kimo cha kuanguka hupungua karibu nusu. Mwendeshaji hodari huukaribia ukingo polepole sana, huiacha mashine ielemee mbele kidogo kidogo, kisha ndipo husonga. Hageuzi uelekeo wala habadili gia akiwa juu ya kipandio, kwa maana ukanda mmoja ukizuiwa, mashine yote huzunguka na kutoka njiani. Mashine huelekezwa sawasawa ikiwa bado ardhini.

Mkia wa tela

Tela nalo ni wenzo. Egemeo lake ni ekseli za nyuma. Upande mmoja uko mkia wenye vipandio, na upande wa pili iko pini inayoliunganisha na kichwa cha lori. Umbali kutoka pini hadi katikati ya ekseli uwe mita 9, na kutoka hapo hadi ukingo wa nyuma mita 1.5. Tela tupu liwe na tani 9, ambazo 6 hubebwa na ekseli zake na 3 huilalia pini.

Tingatinga lote linapoegemea ukingo, mbele ya tela huinuliwa kwa:

18 × 1.5 ÷ 9 = tani 3.

Tani hizo 3 ndizo zilezile zilizokuwa zikiilalia pini. Kwa dakika hiyo tela halikikandamizi tena kichwa cha lori, magurudumu yake ya nyuma hupungukiwa na mshiko, na breki zake hudhoofika. Lori huweza kusogea wakati mashine iko nusu juu ya kipandio. Kwa hiyo magogo imara huwekwa chini ya mkia wa tela, na kabari huwekwa kwenye magurudumu, kabla mashine haijagusa kipandio. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na kuiruka kumegharimu maisha ya watu.

Mtu mmoja tu ndiye atoaye ishara. Husimama mbali, pembeni, mahali ambapo mwendeshaji anamwona. Utingo na watazamaji hawaruhusiwi kusimama nyuma ya mashine wala kando ya kipandio.

Mahali pa kusimama juu ya tela

Mashine ikishapanda, mahali inaposimama huamua mgawanyo wa uzito. Kitovu chake kikiwa mita 3 mbele ya katikati ya ekseli, pini hubeba 18 × 3 ÷ 9 = tani 6, na ekseli hubeba tani 12. Pamoja na tani 6 za tela lenyewe, ekseli mbili za nyuma hubeba tani 18. Hicho ndicho kikomo cha jozi ya ekseli zenye magurudumu manne kila moja, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari.

Mashine ikirudi nyuma nusu mita tu, ekseli hizo hubeba tani 19. Tofauti hiyo huonekana ndogo. Lakini majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Uwiano wa 19 kwa 18 ukipandishwa kwa kipeo cha nne hutoa 1.24. Nusu ya mita juu ya jukwaa huongeza karibu robo ya uharibifu unaoletwa na ekseli hizo.

Kufunga mzigo

Lori likifunga breki kwa ghafula, tingatinga hutaka kuendelea mbele kwa sababu ya inesha. Kanuni za Marekani hutaka vifungo viweze kuhimili upunguaji wa mwendo wa kiasi cha 0.8 ya mchapuko wa mvutano wa dunia kwa upande wa mbele, na 0.5 kwa upande wa nyuma na wa kando. Mashine yenye zaidi ya kilo 4,536 hufungwa kwa vifungo visivyopungua vinne.

Kwa tingatinga la mfano, kani ya mbele ni 180,000 × 0.8 = nyutoni 144,000. Likilala juu ya mbao, msuguano hushika nyutoni 72,000; nusu iliyobaki ni juu ya minyororo. Minyororo miwili ikivuta nyuma moja kwa moja, kila mmoja hubeba nyutoni 36,000. Ikiinama kwa digrii 45, kila mmoja sharti uvute nyutoni 50,900 ili upatikane mvuto uleule wa mlalo. Kwa hiyo mnyororo uliosimama sana hufanya kazi ndogo dhidi ya breki. Sepeto la mbele, au mkono wa eskaveta, hushushwa hadi chini na kufungwa. Baada ya mwendo mfupi dereva husimama na kukagua, maana mtikisiko hulegeza minyororo.

Kupakua

Kupakua ni kupakia kulikogeuzwa, lakini hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa sasa mvutano wa dunia unasaidia mwendo badala ya kuupinga. Magogo na kabari hurudishwa mahali pake kwanza. Minyororo hufunguliwa baadaye, kwa tahadhari, kwani huenda mashine ilisogea njiani na kuikaza. Kama msuguano ungetoweka kabisa, mashine iliyoshuka mita 0.9 ingefika chini kwa kasi ya mita 4.2 kwa sekunde, yaani kilometa 15 kwa saa. Tani 18 katika kasi hiyo hazizuiliwi na mkono wa mtu. Kwa hiyo mashine hushuka kwa gia ya chini, juu ya mbao kavu, na kazi huahirishwa mvua inaponyesha.

Jaribio la darasani

Mwalimu achukue ubao wa mita moja, kipande cha chuma chenye uso laini na kipande cha mti. Kila kipande kiwekwe juu ya ubao, nao uinuliwe polepole upande mmoja hadi kipande kianze kuteleza. Kimo cha ncha iliyoinuliwa kigawanywe kwa umbali wa mlalo. Jibu ndilo kizigeu cha msuguano. Jaribio lirudiwe baada ya kupaka ubao maji, kisha mafuta. Kuhusu ukingo, rula isukumwe polepole nje ya meza hadi ielemee, kisha irudiwe ikiwa imebebeshwa sarafu kwenye ncha moja.

Maswali

1. Mashine ya kushindilia ya tani 10 inapandishwa kwenye jukwaa la mita 0.8 kwa vipandio vya mita 4. Tafuta kani ya kufuata mteremko na kazi inayofanyika.

2. Ni kizigeu gani cha msuguano kinachohitajika kwa uchache katika swali la kwanza? Je, chuma chenye mafuta kitafaa?

3. Greda la tani 16 limesimama juu ya tela la mfano, kitovu chake kikiwa mita 2.25 mbele ya katikati ya ekseli. Ekseli zinabeba tani ngapi za greda hilo?

4. Eleza kwa nini magogo huwekwa chini ya mkia wa tela kabla ya kupakia na pia kabla ya kupakua.

Majibu: (1) nyutoni 20,000, jouli 80,000. (2) Karibu 0.2, hakitafaa. (3) Tani 12.