Somo la Ubongo: Picha Huonyesha Nini, na Mwalimu Aone Nini?

Utangulizi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kwenye shule moja ya mteremko wa milima ya Uluguru, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne ambaye mara kwa mara aliacha kuandika, akakodoa macho kwa sekunde chache, kisha akaendelea kama kwamba hapakutokea jambo. Nilimhesabu kuwa mzembe, na zaidi ya mara moja nilimsimamisha mbele ya wenzake. Siku moja alianguka, mwili ukatetemeka, povu likamtoka. Watoto wote walikimbia nje, nami mwalimu wao sikujua la kufanya. Baadaye hospitali ilithibitisha kuwa ana kifafa, na kwamba hata kule kukodoa macho kulikuwa dalili ya ugonjwa huo huo.

Nayaeleza haya ili wewe mwanachuo usilirudie kosa langu. Makala haya yataonyesha jinsi ya kuwafundisha watoto habari za ubongo kwa kutumia maarifa ya picha za kitaalamu, hata kama shule yako haina picha hizo wala umeme.

Maarifa ya mwalimu

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nishati ya mwili unapopumzika. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, huonyesha vizuri mfupa wa fuvu, bali si nyama laini ya ubongo iliyomo ndani. Ndiyo sababu mashine ya CT, iliyotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 huko London, ilileta mabadiliko makubwa: iliweza kuonyesha ubongo wa mtu aliye hai, kipande baada ya kipande.

Baadaye ikaja mashine ya MRI, ambayo haitumii mionzi ya eksirei. Mwili una maji mengi, na katika maji mna haidrojeni. Sumaku yenye nguvu huvipanga viini vya haidrojeni. Mawimbi ya redio huvisukuma kutoka katika mpango huo. Na vinaporudi hutoa ishara hafifu. Kompyuta huzikusanya ishara hizo ikazifanya picha.

Tangu mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake walipoonyesha kuwa damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hazina tabia moja mbele ya sumaku, wataalamu wameweza pia kuona sehemu gani za ubongo hupata damu zaidi mtu anaposoma, anaposikiliza au anapochezesha kidole.

Mfano wa Mahenge

Mwanachuo asidhani kuwa habari hizi ni za Ulaya tu. Kusini mwa Mkoa wetu wa Morogoro, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Miongoni mwa wagonjwa aliona watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kwa kuvishusha mbele tena na tena. Mwaka 2008 watafiti, wakiwemo Andrea Winkler na William Matuja, walichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa wa namna hiyo, na baadhi yao walipigwa picha za MRI. Picha hizo hazikufanana zote. Lakini kwa baadhi yao yalionekana mabadiliko katika hipokampasi, sehemu ya ubongo yenye kazi kubwa katika kumbukumbu.

Kwa hiyo kichwa kinachotikisika darasani si utovu wa adabu, wala si lazima kiwe usingizi. Watafiti wameona pia uhusiano kati ya hali hiyo na ugonjwa wa usubi, lakini picha yenyewe haitaji chanzo. Huonyesha kovu, haisemi ni nani au ni nini kilichojeruhi.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Chukua kabichi, mfano zile zitokazo Mgeta. Waulize watoto, "Ndani mna nini?" Wakishakisia, likate vipande vyembamba, nao wachore kila kipande kwa mfululizo. Waeleze kuwa mashine hupata vipande kama hivyo bila kisu.

Hatua ya pili: Eleza habari za damu kwa mfano wa mfereji. Mkulima hufungulia maji tuta analolihudumia. Vivyo hivyo sehemu ya ubongo inayofanya kazi hupelekewa damu zaidi.

Hatua ya tatu: Fundisha mipaka. Aliyepanda Morningside usiku huona taa za mji wa Morogoro. Hujua ni mitaa gani ina mwanga, lakini hasikii yanayozungumzwa nyumbani mwa watu. Hali kadhalika, picha ya ubongo haisomi mawazo ya mtoto, wala haiwezi kutabiri kama atafaulu mtihani.

Hatua ya nne: Zungumzeni juu ya kifafa. Sisitiza kuwa hakiambukizi kwa povu, kwa mate wala kwa kula pamoja. Waoneshe la kutenda mwenzao anapoanguka: kuondoa vitu vigumu vilivyo karibu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kutomkandamiza, kutotia chochote kinywani, na kumlaza ubavu mtetemeko unapokwisha. Ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.

Hitimisho

Mashine huuona ubongo kwa muda mfupi, na daktari humwona mgonjwa siku moja moja. Mwalimu humwona mtoto tangu asubuhi hadi mchana, siku tano za juma. Hana budi basi kuandika anachokiona: saa, muda, na jinsi mtoto alivyokuwa kabla na baada. Maandishi hayo, akikabidhiwa mzazi ayapeleke kwa mganga wa zahanati, yaweza kuwa mwanzo wa matibabu. Neno "mzembe" lililoandikwa daftarini halimsaidii yeyote.

Zoezi

1. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa kufuata hatua nne zilizotajwa.
2. Mwanafunzi wako ameacha kuandika na kukodoa macho mara tatu katika kipindi kimoja. Andika mambo manne utakayoyachunguza kabla ya kumkaripia.